Picha Isiyo na Jina Haina Shahidi

Huko Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakikusanya picha kuukuu za wachezaji wa besiboli. Mmoja wao akiletewa picha mezani, haanzi kwa kuitazama sura ya mchezaji. Huigeuza kwanza, akautazama mgongo wake. Hutafuta muhuri wa mpiga picha, tarehe, kijikaratasi cha maelezo kilichobandikwa na chumba cha habari cha gazeti, au jina lililoandikwa kwa penseli na mkono wa mtu aliyekwisha kufa zamani. Akiyapata hayo, hufurahi. Asipoyapata, huanza kazi ya upelelezi.

Baadhi ya ndugu zetu wa jeshini na wa polisi watauliza: mambo hayo ya Wamarekani na mchezo wao yatufaa nini? Sisi twajibu kwamba yatufaa sana. Katika makambi yetu, katika vituo vya polisi na katika masanduku ya familia zetu mna picha nyingi za watu waliovaa sare kama hii tunayoivaa leo. Nyingi kati ya hizo, migongo yake ni mitupu. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba picha isiyo na jina, mahali wala tarehe ni sawa na kielelezo kilicholetwa mahakamani bila shahidi wa kukitambulisha. Na wajibu wa kuandika ni wa yule aliyepo sasa, si wa mtafiti atakayekuja baadaye.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa wale wasioujua. Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mtupaji humtupia mpira mpigaji aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga, hukimbia kuvizunguka vituo vitatu hadi arudi pale alipoanzia, ndipo timu yake ipate alama moja. Ni mchezo wa kungoja kwa muda mrefu na kutenda kwa ghafula, na mtu aliyepata kushika zamu ya ulinzi usiku ataelewa utamu wake. Wala si mgeni kabisa hapa kwetu Uganda. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikwenda Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League.

Sasa tuanze na askari. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1861 na 1865, majeshi ya Muungano yaliiteka ngome ya Fort Pulaski, karibu na mlango wa mto Savannah katika jimbo la Georgia. Hiyo ilikuwa Aprili 1862. Askari wa Kikosi cha 48 cha New York wakawekwa humo kuilinda. Siku moja mpiga picha aliwapanga askari wa Kombania H ndani ya ngome, wakasimama wima na bunduki zao. Alikusudia kupiga picha ya gwaride. Lakini nyuma ya safu hizo, kwa mbali, wanaonekana watu wengine wamo mchezoni, wakicheza mpira bila kujali gwaride la wenzao. Leo picha hiyo huhesabiwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa zinazoonyesha besiboli ikichezwa.

Tuutazame vizuri mfano huo. Mpiga picha hakujua kwamba ule mchezo wa nyuma ndio utakaokuja kutafutwa na watu. Thamani yake ilionekana baadaye, na ilionekana kwa sababu kikosi, kombania na ngome vilijulikana. Lau picha ile ingalisalia bila maelezo, ingalikuwa picha ya watu fulani, katika ua fulani, wakati fulani. Ndiyo sababu hatukubaliani na mtu asemaye, "Picha hii si muhimu, ya nini kuiandikia?" Aliyepo leo hana uwezo wa kujua ni kitu gani katika picha kitakachokuwa muhimu baada ya miaka mia. Kazi yake ni kuandika tu.

Mfano wa pili ni wa mtu aliyeitwa Charles Conlon. Huyu hakuwa mpiga picha kwa kazi. Alikuwa msahihishaji wa matoleo katika gazeti moja la New York, na kuanzia mwaka 1904 alikwenda viwanjani na kamera yake siku za mapumziko. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1942. Alitumia mabamba ya kioo, ambayo ndiyo yaliyokuwa negativu za wakati ule: mazito, yenye kuvunjika upesi, na kila moja likichukua picha moja tu. Picha yake inayojulikana kuliko zote yamwonyesha Ty Cobb akijitupa kwenye kituo cha tatu huku vumbi likiruka na mlinzi wa kituo, Jimmy Austin, akipoteza mizani. Conlon mwenyewe alisimulia kwamba wakati ule alishughulika na usalama wa rafiki yake Austin hata hakuwa na hakika kama alibonyeza kamera. Alipoyasafisha mabamba yake ndipo alipoikuta picha.

Hata picha mashuhuri kama hiyo ilipata kutiwa tarehe isiyo sahihi. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba ilipigwa mwaka 1909, hata watafiti walipoichunguza upya wakaiweka mwaka 1910. Mtu aweza kucheka na kusema mwaka mmoja si kitu. Askari polisi hatacheka. Yeye ajua kwamba tarehe moja iliyokosewa katika jalada yaweza kumwachia huru mwizi au kumfunga asiye na hatia.

Kazi hiyo ya kusahihisha hufanywa kwa njia ambazo mpelelezi yeyote angezitambua. Sare za timu zilibadilika mara kwa mara: ukosi, mistari, herufi ya kifuani. Mbao za matangazo ukutani mwa uwanja zilibadilishwa. Majukwaa yalijengwa, yakaungua, yakajengwa tena. Kivuli cha mchezaji huonyesha saa ya siku, na ubao wa alama, ukisomeka, waweza kuonyesha mchezo wenyewe. Mtafiti huviweka vyote hivyo pamoja na magazeti ya wakati ule mpaka abakiwe na siku moja tu inayowezekana. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipata mwaka 1948 mkusanyo wa wakala wa habari wa George Grantham Bain, ambao una mabamba ya kioo yapatayo 40,000, na miongoni mwake mna picha nyingi za besiboli. Maelezo yake mara nyingi yalikuwa jina moja tu la ukoo, pengine limekosewa. Kuanzia mwaka 2008 Maktaba iliziweka picha hizo katika mtandao wa intaneti na kuwaomba watu wasaidie. Wenye ujuzi walijitokeza, wakatambua sura moja baada ya nyingine. Kazi ya namna hiyo hufanywa pia na wanachama wa Jumuiya ya Utafiti wa Besiboli ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1971. Hawalipwi kwa kazi hiyo. Wameifanya kwa sababu waliona ni aibu mtu aliyeishi na kutoa jasho abaki bila jina.

Kati ya wachezaji wa enzi ile yumo mmoja ambaye sisi wa jeshini yatupasa kumjua. Jina lake ni Eddie Grant. Alicheza katika timu kadhaa, ya mwisho ikiwa New York Giants, akaacha mchezo mwaka 1915 na kufanya kazi ya uanasheria, maana alikuwa amesoma chuo kikuu cha Harvard. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 alijiunga na jeshi, akapata cheo cha kapteni katika Divisheni ya 77. Tarehe 5 Oktoba 1918, katika msitu wa Argonne huko Ufaransa, alikuwa akiongoza askari wake kwenda kuwaokoa wenzao waliozingirwa na Wajerumani. Kombora likamwua. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Mwaka 1921 kibao cha shaba chenye jina lake kiliwekwa katika uwanja wa Polo Grounds, nyumbani kwa timu yake ya zamani. Kikakaa hapo miaka 36. Mwaka 1957 timu ilipocheza mchezo wake wa mwisho katika uwanja ule, watazamaji waliingia uwanjani na kuchukua chochote kilichochukulika, na kibao kile kikatoweka. Lakini picha za Grant, akiwa kijana mwenye gongo mikononi, zikiwa na jina lake, bado zipo na bado zinatazamwa. Tunaona hapo kwamba karatasi yenye jina iliweza kudumu pale ambapo shaba ilishindwa. Hatusemi minara isijengwe. Twasema mnara peke yake hautoshi.

Kuna picha nyingine ambayo haionyeshi hata uso wa mhusika. Tarehe 13 Juni 1948, katika uwanja wa Yankee Stadium, Babe Ruth aliagwa na namba yake, 3, ikastaafishwa. Alikuwa mgonjwa wa saratani. Wapiga picha wengi walisimama mbele yake. Nat Fein wa gazeti la New York Herald Tribune, aliyepelekwa pale kushika zamu ya mwenzake aliyeugua, alizunguka akasimama nyuma. Picha yake yaonyesha mgongo wa mtu mkubwa aliyekonda, namba 3, kofia mkononi, na gongo analoliegemea kama mkongojo. Gongo lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Bob Feller wa timu ya Cleveland, akapewa la kujishikiza alipokuwa akiingia uwanjani. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Agosti, Ruth alifariki. Mwaka 1949 picha ile ikapata tuzo ya Pulitzer. Mwonyeshe mtu asiyejua habari hizo, naye ataona mzee aliyeegemea fimbo. Mweleze habari zake, naye atanyamaza.

Hadi hapa tumewataja watu mashuhuri, ambao majina yao yasingepotea kwa urahisi. Lakini palipo na dhuluma, wa kwanza kupoteza majina ni wanyonge. Kwa miongo mingi wachezaji weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu za Marekani, mpaka Jackie Robinson, aliyekuwa luteni katika jeshi, alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947. Kabla ya hapo walikuwa na ligi zao, na magazeti makubwa ya Wazungu hayakujishughulisha sana nazo. Waliozipiga picha walikuwa watu kama Charles Harris, maarufu kwa jina la Teenie, wa gazeti la Pittsburgh Courier. Wenyewe walimwita "One Shot", yaani mtu wa risasi moja, kwa kuwa hakupoteza filamu: alipiga mara moja, akaondoka. Aliacha negativu zipatazo 80,000 za maisha ya watu weusi wa Pittsburgh, pamoja na wachezaji wao wa besiboli.

Jumba la makumbusho la sanaa la Carnegie lilizinunua mwaka 2001. Nyingi hazikuwa na maelezo. Ikabidi wazee wa mji ule waitwe, waonyeshwe picha na kuulizwa: huyu ni nani, hapa ni wapi, siku hiyo palikuwa na nini? Wazee wakataja majina. Lakini kila mwaka wazee hupungua, na kila anayezikwa huondoka na majina ambayo hakuna mwingine anayeyajua. Hapo ndipo wahenga waliposema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Tutaje na picha ya Kenichi Zenimura, mtu mfupi wa kimo, mzaliwa wa Hiroshima, aliyekuwa mchezaji na mwalimu wa besiboli katika mji wa Fresno, California. Tarehe 29 Oktoba 1927 alipigwa picha pamoja na majabali wawili, Babe Ruth na Lou Gehrig. Aitazamaye picha hiyo peke yake huona furaha tu. Lakini mwaka 1942, Marekani ilipokuwa vitani na Japani, watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani waliondolewa makwao na kufungiwa makambini, wengi wao wakiwa raia wa Marekani. Zenimura na familia yake walipelekwa Gila River, katika jangwa la Arizona. Huko alijenga uwanja wa besiboli kwa mikono yake, na maelfu ya waliofungwa wakaja kutazama mchezo. Picha ya mwaka 1927 na habari ya mwaka 1942 zikiwekwa pamoja hutufundisha jambo ambalo kila mshika bunduki wa serikali anapaswa kulitafakari: mtu anayelindwa nyuma ya seng'enge jana alikuwa raia mwenye heshima, na kesho atarudi kuwa raia.

Twajua pia kwamba katika shughuli hii mna fedha, na palipo na fedha wezi hawakosi. Kadi ndogo ya sigara yenye sura ya Honus Wagner, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1909 na 1911 kutokana na picha ya Carl Horner wa Boston, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Mabamba ya Conlon yaliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 1.7. Mfanyabiashara mmoja wa jimbo la Arkansas, aliyekuwa amenunua hazina za picha za magazeti mengi, alihukumiwa mwaka 2017 kifungo cha miaka 12 kwa udanganyifu, na baadhi ya vitu alivyouza vilikuwa vya kughushi. Kwa hiyo wakusanyaji wameweka madaraja: picha ya daraja la kwanza ni ile iliyosafishwa kutoka negativu ya asili katika muda wa miaka miwili hivi tangu ilipopigwa. Na njia moja kubwa ya kulithibitisha daraja hilo ni mhuri na maandishi ya mgongoni. Hata hapo, mwandishi wa maelezo ndiye shahidi.

Ipo hoja moja dhidi yetu ambayo ni nzito, nasi hatutaikwepa. Ofisa wa usalama atasema kwamba askari kuandika jina, kikosi na mahali nyuma ya picha ni kumpa adui taarifa bure. Ni kweli. Picha ya kambi, ya silaha au ya operesheni inayoendelea haipigwi bila idhini, wala haitumwi kwa simu kwa rafiki na jamaa. Lakini kuandika si kutangaza. Jalada la siri nalo huandikwa, tena kwa uangalifu kuliko majalada mengine. Tofauti ni mahali linapowekwa na nani anaruhusiwa kulifungua. Maelezo ya picha za kikosi yawekwe katika ofisi ya kikosi, chini ya ufunguo. Siri ya leo itakwisha muda wake. Jina lisiloandikwa halitarudi.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila askari ana simu yenye kamera, basi picha hazitapungua. Hakika hazitapungua. Lakini picha elfu tatu katika simu moja, bila jina hata moja, ni mzigo tu. Simu huibwa, huanguka majini, hufa. Na hata ikisalimika, mtoto wa marehemu ataona wanaume kumi wenye sare, asijue yupi aliyekuwa rafiki wa baba yake na yupi aliyembeba alipojeruhiwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tumekwisha kuonja hasara hiyo. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua, matope na malaria, wakafika hadi mto Chindwin. Ziko picha zao. Tunaziona nyuso, kofia zao pana na mizigo migongoni. Lakini mara nyingi jina lililoandikwa ni la ofisa, na mwenye mzigo ni "askari wa Kiafrika" tu. Hao walikuwa babu zetu, na walikuwa na majina. Wamarekani waliwatafuta wacheza mpira wao mpaka wakawapata. Sisi wa kuwatafuta mashujaa wetu hatupungukiwi akili wala mapenzi, ila wa kuulizwa wamekwisha.

Kwa hiyo tunatoa rai. Kila kombania na kila kituo cha polisi kiwe na daftari moja la picha. Kila picha iandikiwe mambo matano: ni akina nani, kuanzia kushoto kwenda kulia, ni wapi, ni lini, ni kikosi gani, na palikuwa na shughuli gani. Yaandikwe kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi na kuharibu sura. Afande anayekaribia kustaafu aombwe kukaa na vijana saa moja, awatajie majina ya walio katika picha za zamani, hasa ya wale waliokwisha kuanguka. Na askari aliye likizoni awaendee wazee wa kijijini kwao waliotumikia jeshi au polisi, awachukulie picha zao, awaulize na kuandika wanayoyasema.

Kazi hii haihitaji bajeti wala amri ya makao makuu. Yahitaji penseli, daftari na mzee ambaye bado yu hai.